Kupiga picha za mazingira na safari huku Nakuru, Kisumu na western: mwongozo kamili kuanzia sufuri

Picha yangu yenye watu huniuliza sana haina simba, haina flamingo, haina hata jua likizama. Ni geti la zamani la Lake Nakuru, nilipiga 2008 na kakamera ka kuazima kwa binamu yangu, imepinda kidogo, anga imeungua yote nyeupe na kuna mama anapita kando na mkoba kichwani. Kwa mashindano ya picha singefika popote na hiyo. Lakini kuanzia kama 2010 hivi ziwa likaanza kupanda, likameza barabara, likameza hilo geti mpaka ikabidi lingine lijengwe, na ile migunga ya ngozi ya njano iliyokuwa pembeni ya maji ikafa ikiwa imesimama tu. Sasa hiyo picha mbovu ndio walimu wananiomba, wanafunzi wananiomba, hata mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi hapo getini alinipigia akitaka ya kuweka kwa ukuta. Zile flamingo zangu nzuri nzuri hakuna mtu amewahi niomba hata moja, kila mtu ako na zake.

Hiyo ndio ilinibadilisha venye nafanya hii kazi mpaka leo, na ndio maana sianzi na kamera gani ununue. Tunaanza na mahali.

Hatua ya 1: Chagua mahali pamoja pa kurudia

Kabla ya Mara, kabla ya Turkana, tafuta sehemu moja karibu na kwako yenye utaenda mara moja kila mwezi kwa miaka. Masharti yake ni matatu tu. Nauli isikuumize, kwa sababu ukianza kuhesabu pesa utaacha mwezi wa tatu. Pawe na kitu kinachobadilika, maji, miti, mashamba, watu. Na uweze kufika kabla jua halijatoka.

Ukiwa Nakuru unaweza chagua ukingo wa Menengai, pale mahali pa kuangalia kreta yote, shimo la karibu kilomita 12 kwa 8 na ukungu huwa unalala ndani asubuhi kama maziwa kwa bakuli. Ukiwa Kisumu, ufuo wa wavuvi wa Dunga, hakuna mjadala. Kakamega, ukingo wa msitu mahali shamba la miwa ama mahindi linagusana na miti. Ukiwa Kericho hata barabara ya majani chai inatosha, ila uombe ruhusa maana hayo mashamba ni ya watu na askari wa hapo hawachekeshwi.

Ukishapachagua weka alama. Mimi nina jiwe. Nasimama juu ya hilo jiwe, kamera kwa kimo cha kifua, zumu ya lenzi iko pale pale (kwangu ni milimita 35), mti mmoja uko kushoto, napiga picha moja ya kulala na moja ya kusimama. Dakika tano imeisha, halafu ndio naanza kuzurura na kupiga zingine. Mwezi wa kwanza utaona kama ni ujinga. Mwaka wa pili utaanza kuona vitu, kwamba mvua ya masika ilichelewa, kwamba kuna mtu amekata mti, kwamba maji yamesogea hatua kumi. Na macho yako yatakuwa yamezoea kuona kabla ya kubonyeza, hiyo kozi yoyote ya intaneti haitakupa.

Hatua ya 2: Kamera, na simu yako kwanza

Kama una simu ya kawaida ya hii miaka, piga nayo miezi sita. Futa lenzi na kitambaa kila wakati (nusu ya picha zenye watu wanasema simu yao ni mbaya ni mafuta ya vidole tu), washa zile mistari za gridi, gusa skrini mahali pana mwangaza mwingi halafu vuta mwanga chini kidogo ili anga isiungue, na usivute zumu kwa vidole, bora utembee. Kama kitu kiko mbali sana kwa simu, basi kubali hiyo ni picha ya mandhari na huyo ndege ni kadoti ndani yake. Kadoti pia ni picha.

Mohamed Amin, yule mpiga picha mzaliwa wa Nairobi aliyeonyesha dunia njaa ya Ethiopia 1984, alipoteza mkono Addis Ababa mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka, na akarudi kazini na mkono wa bandia. Kwa hivyo mimi nikisikia mtu anasema hawezi anza mpaka apate lenzi ya milimita 600 huwa nanyamaza tu.

Ukifika wakati wa kununua, DSLR (ile kamera ya kubadilisha lenzi, yenye kioo ndani) ya zamani ya mtumba inatosha kabisa, Canon ama Nikon yoyote ile ndogo, na lenzi mbili, ile ya 18-55 inayokuja nayo na ingine ya 55-250 ama 70-300. Hizo kamera ndogo sensa yake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo, kwa hivyo 250 kwa Canon inakuonyesha kama 400 hivi, na 400 ni ya kutosha kwa ndege mkubwa kama mwari ama yangeyange. Kwa ndege mdogo wa mafunjo haitoshi, lakini huyo utampata siku zingine.

Sasa nisikilize hapa vizuri. Lenzi yangu ya kwanza ndefu nilinunua kwa duka moja mjini, 18,000, nikafurahi nikaenda nayo mpaka Elementaita, na picha zote zikawa kama zimepigwa kupitia neti. Kumbe ndani kulikuwa na kuvu. Mwenye duka akaniambia nilitoka nayo ikiwa nzima. Kwa hivyo kabla hujatoa hela, toa lenzi kwa kamera, washa tochi ya simu upande mmoja uangalie upande mwingine, ukiona kitu kama utando wa buibui rudisha. Piga karatasi nyeupe ama anga ukiwa f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo) uone madoa. Uliza shata, lile pazia la ndani linalofunguka kila ukipiga, imepigwa mara ngapi, kuna programu za kusoma hiyo namba, na kamera nyingi za bei ya chini shata yake ilikadiriwa kama 100,000. Jaribu fokasi ya karibu na ya mbali. Angalia vile visindano vidogo vya mahali pa memori kadi kama kuna kimepinda. Na uombe risiti yenye namba ya kamera, kwa sababu za wizi ziko nyingi na ukishikwa nayo ni wewe.

Ongeza batri ya pili, kadi mbili ndogo badala ya moja kubwa, basi. Tripodi ngojea. Badala yake chukua foronya ya zamani, tia kilo mbili za maharagwe, shona. Hiyo unaweka kwa dirisha la gari ama ukingo wa mashua na lenzi inatulia kuliko tripodi ya bei rahisi. Mimi huwa nabeba foronya tupu na nanunua maharagwe nikifika, safari ikiisha yanapikwa.

Hatua ya 3: Jua la kwetu lina haraka

Hapa ndio wengi huharibikiwa kwa sababu wanafuata video za watu wa Ulaya. Huko jua linapanda kwa mshazari, wanapata ule mwanga wa dhahabu saa nzima na zaidi. Sisi ikweta inapita hapa Maseno, jua linapanda wima, karibu nyuzi 15 kila saa. Linatoka kama saa kumi na mbili na nusu, likichelewa ama kuwahi dakika chache kulingana na mwezi, na ikifika saa mbili kasorobo ule utamu umeisha. Saa mbili na nusu kivuli kimeshakuwa kigumu chini ya macho ya kila mtu na kila mnyama. Una saa moja na kidogo asubuhi na nyingine jioni, mchezo wote ni hapo.

Maana yake ni kwamba ukiamka saa kumi na mbili umechelewa. Uwe umesimama kwa jiwe lako saa kumi na mbili na robo, settings ziko tayari, sweta imevaliwa (Menengai asubuhi ni baridi ya kuuma masikio). Zile dakika ishirini kabla jua halijatoka, anga ikiwa na ile rangi ya samawati na waridi, mimi nazipenda kuliko jua lenyewe, na maji ya ziwa huwa yametulia maana upepo bado umelala.

Jambo la pili, jua uko upande gani. Lake Nakuru, Baboon Cliff iko magharibi ya ziwa na inaangalia mashariki, kwa hivyo asubuhi jua liko usoni mwako na jioni liko mgongoni likimulika ziwa lote. Lion Hill iko mashariki, ni kinyume chake. Watu wanapanda Baboon Cliff saa tatu asubuhi halafu wanashangaa mbona picha ni kijivu. Na ukipanda hapo usitoe chakula, wale nyani si wa mchezo, nimeona mmoja ameingia kwa gari akatoka na mkate mzima amekumbatia.

Saa sita mchana ni ya kula na kulala, isipokuwa uko ndani ya msitu ama kuna mawingu. Siku ya mawingu msituni ni baraka, mwanga unakuwa laini na majani yanaonyesha rangi yake. Januari na Februari huku Rift kuna vumbi na anga inakuwa na utando, milima ya mbali haionekani. Baada ya mvua, kuanzia Aprili, hewa inasafishwa na unaona mpaka ng'ambo, lakini barabara ni matope. Huwezi pata vyote.

Hatua ya 4: Settings, bila kuogopa

Vitu ni vitatu. Apacha ni ukubwa wa tundu, shata ni muda wa tundu kukaa wazi, ISO ni venye sensa inaongezewa nguvu. Ukiongeza moja unapunguza ingine. Weka kamera kwa A ama Av (wewe unachagua apacha, kamera inachagua shata), ISO iwe otomatiki na kikomo 3200, halafu piga RAW (faili ghafi yenye kila kitu sensa iliona) pamoja na JPEG (picha ya kawaida iliyobanwa). Nilipiga JPEG peke yake miaka minne na najuta, maana zile anga zilizoungua haziwezi rudi.

Mandhari: f/8 mpaka f/11, ISO 100, pumzi umeshika. Kanuni ya kutotetemeka ni shata isishuke chini ya urefu wa lenzi, yaani lenzi ya 250 usipige chini ya 1/250, na kwa hizi kamera ndogo ongeza iwe 1/400.

Ndege anayeruka: 1/1600 ama zaidi, fokasi ya kufuata, ile ya kupiga mfululizo. Mngojee aelekee kwa upepo, ndege wakubwa hupaa wakikabili upepo, kwa hivyo ukijua upepo unatoka wapi unajua uso wake utakuwa upande gani. Hii moja imenipa picha nyingi kuliko lenzi yoyote.

Ukiwa kwa mashua usishuke 1/1000 hata kama ndege ametulia, kwa sababu wewe hujatulia. Na usiegemeze kiwiko kwa mbao wakati injini inanguruma, mtetemo wote unaingia kwa picha. Ukiwa kwa gari hivyo hivyo, omba dereva azime.

Halafu kuna mtego wa weupe na weusi. Kamera inadhani dunia yote ni kijivu. Ukimpiga yangeyange mweupe kwa maji meusi, kamera inaona giza jingi, inaongeza mwanga, na manyoya yanaungua yanakuwa kama karatasi. Punguza mwanga kwa kile kitufe cha +/-, weka -1. Mbega wa Kakamega ndio mtihani wa mwisho, mweusi tititi na joho jeupe, amekaa juu ya mti na anga nyuma yake. Hapo ongeza +1 ama hata +1.5 ama utapata kivuli cha nyani tu. Lakini akishuka na nyuma yake kukawa na majani ya giza, kinyume, punguza ulinde lile joho. Mimi huyu mnyama alinichukua safari tano kabla nipate picha moja yenye uso na joho vyote vinaonekana.

Bodaboda, wavuvi wakirusha nyavu, watoto wakikimbia: jaribu kushuka mpaka 1/30 na ufuate na kamera kwa mwendo ule ule. Kati ya ishirini utapata mbili, hiyo ni kawaida.

Hatua ya 5: Safari zenyewe

Ukishakaa na mahali pako kama mwaka, sasa toka. Mimi ninafuata njia moja kutoka Nakuru kwenda ziwani, na nimeirudia sana, kwa hivyo nitakuambia yenye najua.

Lake Nakuru na Elementaita. Ukienda ukitarajia ule ukingo wote wa waridi wa kalenda za zamani utarudi na huzuni. Flamingo wadogo wanakula mwani wa spirulina, na huo mwani unataka maji ya magadi makali. Ziwa likijaa maji ya mvua magadi yanapungua nguvu, mwani unapungua, ndege wanahama, wengi huelekea Bogoria. Siku zingine wanarudi, kwa hivyo uliza kabla ya kulipa. Lakini Nakuru bado kuna vifaru weupe na weusi, twiga wa Rothschild, na ile miti mikavu ndani ya maji yenye mnandi wamejipanga juu wakianika mabawa. Hiyo kwangu ndio picha ya Nakuru ya sasa. Elementaita ni ya mwari, wanazaliana kwa vile visiwa vya mawe, na kwa sababu ziwa lao halina samaki wa kutosha wanaruka kwenda Nakuru kula na kurudi. Asubuhi wakipanda na hewa ya joto wanazunguka pamoja kama kifuniko cha sufuria kinachozunguka hewani. Malipo ya KWS (shirika la wanyamapori) ni ya eCitizen, ile tovuti ya serikali, siku hizi, hakuna cash getini, lipa ukiwa bado una netiweki.

Bogoria iko chini ya kaunti ya Baringo, malipo ni kando. Zile chemchemi za maji moto nenda asubuhi na mapema hewa ikiwa bado baridi, mvuke unaonekana mara mbili. Weka jua nyuma ya mvuke. Na usikanyage ukingo wake, ardhi ni nyembamba na maji yanachemka kweli, si hadithi.

Kisumu. Dunga ongea na vijana wa mashua, wanajua ndege kuliko wewe na mimi, kuna ndege wa mafunjo huko wenye watu wanatoka nchi za mbali kuja kuona, yule mwekundu kifuani anayejificha hasa. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, maji ni kioo. Mchana upepo wa ziwa unaamka na jioni kuna siku dhoruba inatoka bila hodi. Vaa laifu jaketi, usione haya, hata kama nahodha hajavaa. Gugumaji likiwa limefunga ghuba usilalamike, yangeyange na wenzake wanatembea juu yake wakiwinda na ni picha nzuri, halafu mwezi ujao upepo umelisukuma kwingine na pale pale ni maji matupu. Piga zote mbili.

Usiku kaa nchi kavu uangalie taa za wavuvi wa omena. Ziwa zima linaonekana kama kuna mji umejengwa juu ya maji. Hapa sasa tripodi inahitajika, f/4, sekunde 10 hivi, ISO 800, fokasi kwa mkono. Kuna pia wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi mrefu kutoka majini, hawaumi, wapige wakiwa mbali jua likiwa nyuma yao, wakifika kwako funga mdomo na ufunike lenzi.

Kit Mikayi, njia ya Bondo, yale mawe makubwa yamepandana. Hadithi ya hapo ni ya mzee aliyekuwa akishinda kwa jiwe mpaka mkewe akaliita mke wa kwanza, na jina ndio hilo. Watu huja kuomba na kufunga hapo. Ukikuta wameinama, kamera inalala.

Kakamega nenda Buyangu upande wa kaskazini ama Isecheno kusini, chukua mtu wa kukuongoza, tembea pole pole. Kosa la kila mtu ni kutembea sana. Tafuta mti wenye matunda umeiva, kaa chini yake saa mbili. Turako mkubwa wa samawati atakuja mwenyewe na utamsikia kabla hujamwona, kelele yake ni kama mtu anawasha trekta. ISO hapo itapanda 3200 na usiogope chenga (zile punje punje za picha ya giza), picha yenye chenga ni bora kuliko yenye imetetemeka.

Ukipata siku za ziada pandisha Kitale, Saiwa Swamp, mbuga ndogo kuliko zote Kenya, haifiki hata kilomita 3 za mraba, na unatembea kwa miguu. Kuna majukwaa ya mbao, panda kabla ya kupambazuka, nyamaza, nzohe (sitatunga, yule swala wa kinamasi) atatoka kwa matete. Mara tatu nimeenda, mara mbili nimemwona, na mara moja nilimwona nikiwa nabadilisha batri.

Hatua ya 6: Adabu

Hii siwezi fupisha ingawa watu huruka. Mara yangu ya pili Dunga nilimpiga mama anayekaanga samaki bila kusema kitu. Akaniangalia, akasema, "Kijana, mimi ni ukuta?" Nikaona haya kabisa. Nikaomba msamaha, nikanunua samaki, nikakaa. Wiki mbili baadaye nikamletea picha imechapishwa, ya yeye akicheka, na toka siku hiyo pale ni nyumbani, ananiita mwanangu na akisikia kuna mashua inatoka ananipigia. Salamu kwanza, kamera baadaye. Oyawore asubuhi inafungua milango mingi huko ziwani hata kama ndio neno pekee la Kijaluo unajua. Na ukiahidi picha, peleka.

Kwa sheria pia, tangu Data Protection Act ya 2019 huwezi chukua uso wa mtu ukautumia kwa biashara bila idhini yake, na kuna biashara zimepigwa faini tayari kwa kuposti picha za watu. Watoto omba mzazi. Kambi za jeshi usipige, na wewe wa Lanet unajua ninasema nini. Drone inataka usajili na kibali cha KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), na ndani ya mbuga ni ruhusa ingine kando.

Wanyama: usirushe mawe flamingo waruke, nimeona watu wazima wakifanya hivyo. Kila wakiruka wanachoma nguvu ya chakula walichochuja siku nzima. Kifaru ukimpiga zima GPS ya kamera na usiandike alikuwa kona gani, kuna watu wanasoma hizo vitu na hawapendi picha. Na ile ya kumrushia tai samaki ili ashuke karibu na mashua, kila mtu anafanya, hata mimi nimefanya. Siku hizi nimeacha. Picha zote zinafanana, tai yule yule, makucha yale yale, na ukijua samaki alirushwa hamu inaisha.

Hatua ya 7: Unyevu, vumbi na mikono mirefu

Kisumu unyevu utakula lenzi yako. Usiiweke kabatini na nguo, wala ndani ya ule mfuko wake wa ngozi. Nunua kontena ya plastiki yenye kufunga vizuri, tia vile vipakiti vya silika vya kwenye viatu vipya, vingi, na uvikaushe mara kwa mara. Na lenzi itumike, lenzi inayotembea haioti kuvu haraka. Elementaita ni kinyume, vumbi la magadi, hapo usibadilishe lenzi ukiwa ufuoni na ukirudi puliza kwanza kabla ya kufuta, ukifuta vumbi kavu unakwaruza kioo.

Begi iwe ya shule, imechakaa. Ukanda wa kamera wenye jina kubwa la kampuni toa. Kwa matatu begi ni mapajani, si kwa buti.

Hatua ya 8: Kutunza picha

Mwaka 2014 hard disk yangu ilianguka kutoka kwa meza. Kimo cha meza tu. Miaka miwili ya Dunga ikaenda, pamoja na picha zote za hilo jiwe langu za hiyo miaka, na fundi akachukua pesa ya kujaribu halafu akanirudishia ikiwa vile vile. Kwa hivyo kwa mti wangu kuna pengo la miaka miwili lenye sitawahi ziba. Nakala tatu, vitu viwili tofauti, na moja ikae nyumba ingine. Yangu ya tatu iko kwa dada yangu Njoro, nabadilisha kila Krismasi.

Majina ya faili yaanze na tarehe kamili: 2024-03-17_Dunga_014. Andika kwa daftari mahali, saa, maji yalifika wapi, nani alikuwa. Utasahau, amini.

Kuedit, Snapseed kwa simu inatosha na ni ya bure, kwa kompyuta kuna Darktable, bure pia. Nyoosha mstari wa ziwa kwanza, ziwa lililoinama linaumiza macho. Rudisha anga, fungua vivuli kidogo, acha. Flamingo mdogo ana waridi lake, ukiongeza anakuwa kama fanta.

Hatua ya 9: Hela

Fupi: mandhari haitakulisha miaka ya kwanza. Mimi nilipiga harusi na mahafali miaka saba, ndio zilinunua lenzi. Kalenda za mwisho wa mwaka kwa maduka ya mtaa, picha za gesti ndogo zinazotaka wageni, hizo hulipa kidogo kidogo. Andikianeni bei kabla, hata kwa WhatsApp. Na kama unapiga kazi ya kibiashara ndani ya mbuga uliza KWS kwanza kuhusu malipo, wasikukute na taa na modeli.

Hatua ya 10: Chapisha

Kila Januari chukua zile picha 12 za mahali pako, moja ya kila mwezi, nenda studio uchapishe saizi ya 4 kwa 6. Nyuma andika tarehe na mahali kwa penseli, kalamu ya wino hupenya mbele baada ya miaka. Zibandike kwa mstari mmoja kwa ukuta mahali unapita kila siku, za mwaka huu chini ya za mwaka jana, mwezi chini ya mwezi, ndio uone Machi na Machi pamoja.

Safu yangu ya mwisho ina nafasi moja wazi. Nilienda Jumamosi, jiwe liko chini ya maji kama kiganja hivi, nikavua viatu.